Upepo Unaoitwa Bora

Mwaka huu tumefungua na watoto kumi na mmoja.
Darasa la kwanza ni Micol, basi.
Anapanga mstari peke yake,
kisha anageuka nyuma kutazama kama mwenzake amefika.

Nafundisha la kwanza, la pili na la tatu
chumba kimoja, ubao mmoja:
Kiitaliano kinaanzia dirishani,
Kiebrania kinaanzia mlangoni,
na chaki yangu pale kati haijui impishe nani.
Daftari zao zina majalada mawili ya mbele.
Ruben aliniuliza, Mwalimu,
hizi lugha zikigongana ukurasa wa katikati, itakuwaje?
Nikamwambia: andika, utaona.

Mji wetu Trieste una upepo wenye jina.
Unaitwa Bora. Wala si kwa ubora wake.
Unashuka mlimani bila hodi,
unavua watu kofia, unalaza pikipiki ubavu,
na zamani, alivyosimulia bibi yangu,
kamba zilifungwa kandokando ya barabara
vikongwe wajishikilie wasipeperuke na mkate wao.

Jumapili tulijenga kibanda cha Sukoti ua wa nyuma.
Mbao alitoa babu yake Gadiel, fundi wa makabati.
Kuta ni shuka tatu za Bi Elda wa jikoni,
moja ina alama ya pasi.
Paa ni matawi tu, ndiyo sheria,
kivuli kizidi jua, na usiku nyota zionekane.
Darasa la tano wakapima vivuli kwa rula.
Tobia alishikilia kwamba hamsini na moja kwa mia yatosha,
Noemi akataka sabini,
wakanuniana hadi supu ilipoiva.
Micol akatundika komamanga la karatasi.
Lina punje mia sita na kumi na tatu, alitangaza,
sawasawa na amri za Torati.
Alipokwenda kunawa gundi nikazihesabu:
arobaini na saba.
Nikanyamaza.

Jumatatu usiku, Bora.

Asubuhi ua ulikuwa mtupu kama kiganja.
Watoto walisimama kizingitini, mitandio hadi puani.
Kibanda hutakiwa kiwe dhaifu,
sisi tulikijenga dhaifu kupita kiasi.
Jumatano jioni sikukuu inaingia.
Alhamisi ya wiki ijayo halmashauri inakaa
kuhusu ile hesabu yetu: watoto kumi na mmoja,
mafuta ya kupasha joto, bomba la ghorofani.
Nilikuwa na maneno ya kuwafariji,
nikayatafuta mfukoni, nikakuta chaki.

Ndipo Koplo Sandrin, anayelinda lango letu
na bunduki yake na chupa yake ya kahawa,
akaingia amekumbatia tawi la mlaureli.
Hili la nani? akauliza,
kana kwamba mtaa mzima una shule nyingine yenye paa la majani.
Mjane wa ghorofa ya tatu akateremsha shuka kwa kapu na kamba.
Muuza magazeti akaleta mbao mbili,
akalalamika kwamba moja ilivunja kioo chake,
akaondoka bila kudai.
Shuka ya alama ya pasi hatukuiona tena.
Bi Elda anasema imevuka mpaka, sasa iko Slovenia,
inaanikwa na mtu.

Wa mwisho alikuwa mvulana wa shule ya serikali, ng'ambo ya barabara.
Ameshika komamanga, limelowa, limepinda shingo.
Mbona lina vidoto vingi hivi?
Micol akamtazama, akatazama mahali pake kwenye mstari.
Mia sita na kumi na tatu, akasema. Hesabu mwenyewe.
Mvulana akakaa kwenye ngazi, kidole juu ya karatasi.
Micol akakaa pembeni yake, akimsahihisha.
Walikuwa wamefika kumi na tisa
kengele ya shule yake ilipolia.
Akasema kesho ataendelea,
na tafadhali mtu yeyote asisogeze.

Tumelifunga kwa waya mara tatu.